Maziwa Yaliyogeuka Bluu

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Wanawake wa boma la jirani waligombana mpaka mbwa wakakimbilia kwetu, lakini yeye alisema neno lake mara moja, taratibu, kisha akaendelea kusugua mkebe wa maziwa. Nilipoolewa Kapseret nilifikiri nimebahatika. Mke anayeogopa mkwe mwenye mdomo hajakutana na mkwe mtulivu, na mimi sikuwa nimeambiwa hivyo na mtu yeyote.

Kwetu ni Yamumbi. Baba alitoka Mkoa wa Kati akiwa kijana, akafungua duka la unga, sukari na mafuta ya taa, akatulea hapo. Watu wa mume wangu walikuwa watu wa ng'ombe, na maziwa ya mama yake yalijulikana kuanzia uwanja wa ndege mpaka mjini. Mume wangu aliendesha lori la mafuta kwenda mpakani, nikawa namwona akipita tu, amechoka, anataka kula na kulala. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya wasichana mjini Eldoret. Niliosha vyombo vya kioo, nikachanganya dawa kabla ya somo, nikawafunga bendeji wasichana waliojimwagia asidi kwa ubishi.

Mama mkwe hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita mtoto wa duka. Binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, bibi huyo alimwita kwa jina la mama yake mwenyewe aliyekwisha kufa, akamfunga mgongoni hata wakati wa kukamua. Huyo alimpenda, siwezi kumnyima hilo. Ndiyo maana nilistahimili hayo mengine yote.

Wakati ule chama cha ushirika cha maziwa kilikuwa kimechoka na wezi. Watu walikuwa wakiongeza maji. Karani wa kituo alikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea, na maziwa yenye maji yalikizamisha kupita alama, basi mwizi akajulikana. Lakini wajanja hawaishi duniani. Waligundua kwamba ukikoroga unga kidogo ndani ya maziwa yenye maji, uzito unarudi, kipimo kinapanda kama kawaida, na karani anaandika lita zako huku akikusifu. Maziwa ya namna hiyo yalikuwa yakiganda vibaya mjini, na lawama zilirudi kwa kila mtu.

Mwenyekiti wa ushirika alikuja nyumbani siku moja, akavua kofia, akaketi. Alikuwa amesikia kwamba mimi hushika dawa shuleni.

"Mama," akamwambia mama mkwe, maana mimi hakuwa na haja ya kuzungumza nami moja kwa moja, "huyu msichana wako hawezi kutusaidia na dawa ya kushika hawa wezi?"

"Muulize," akasema mama mkwe. "Yeye ndiye wa unga."

Niliwasaidia. Nilichanganya iodini katika chupa ya kahawia, nikaenda kituoni kumfundisha karani. Nilimwambia achemshe maziwa kidogo katika testi tyubu, ayaache yapoe, kisha adondoshe tone moja au mawili. Maziwa safi yataonyesha rangi ya manjano iliyofifia, ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Maziwa yenye unga yatageuka bluu.

"Na nikitia kabla haijapoa?" akauliza.

"Utadanganyika. Ikiwa moto haionyeshi kitu."

Hilo lilimshangaza, nikafurahi kumweleza, maana hakuna jambo nililolipenda katika kemia yote kama hilo. Wanga uliomo ndani ya unga ni uzi mrefu wa molekuli, na uzi huo hujisokota ukaacha shimo katikati, mfano wa nywele iliyosukwa kuzunguka kijiti halafu kijiti kikachomolewa. Iodini huingia ndani ya shimo hilo na kujipanga foleni. Hakuna aliyemfunga mwenzake, wala hakuna aliyegeuka kuwa kitu kingine. Wamekaa pamoja tu, mwenyeji na mgeni, na kwa sababu ya kukaa huko wanaumeza mwanga kwa namna ambayo kila mmoja peke yake hawezi, nasi tunaona bluu. Ukiwapasha moto, msokoto unalegea, mgeni anatoka, bluu inatoweka. Ukiwapoza, anarudi mahali pake. Karani alinisikiliza kwa adabu kisha akaniuliza kama dawa ile ingeweza pia kumwonyesha mtu aliyeiba ng'ombe.

Wezi walishikwa, na kituo kikapata sifa. Baadaye tukaambiwa kwamba D.O., afisa wa tarafa, atakuja na wakubwa wa chama kutazama jinsi wakulima wa Kapseret walivyoshinda udanganyifu, na kwamba maziwa ya mama mkwe yatapimwa mbele yake yawe mfano. Mawe ya mlangoni yakapakwa chokaa, na picha ya Rais ikafutwa vumbi. Nilimwona mama mkwe akitabasamu peke yake nyuma ya zizi.

Jumapili, siku moja kabla ya ugeni, aliniambia nivifue vitambaa vyote vya viti, vile vya kushonwa kwa uzi mweupe, nivitie wanga visimame, maana huenda D.O. akapita nyumbani kunywa chai. Nilipika wanga kwa unga wa ngano kutoka dukani kwa baba, uji mwepesi, nikauchuja ndani ya beseni. Nikavitosa vitambaa, nikatosa na koti langu jeupe la maabara, nikavianika. Mtoto akaanza kulia. Nikaliacha beseni pale uani na wanga uliobaki, nikaenda kumwogesha.

Asubuhi yake mama mkwe alikamua mwenyewe, akachuja mwenyewe, akafunika mkebe mwenyewe. Kwenye maziwa hakumwamini mtu. Mimi nilikabidhiwa mkebe uliokwisha kufungwa, nikaupeleka kituoni kwa mkokoteni wa punda, yeye akabaki kuvaa na kumfunga mtoto mgongoni. Alinikuta kituoni watu wamekwisha kujaa.

D.O. alikuwa kijana mwenye suti ya kaki na kifimbo. Karani alichota maziwa yetu, akachemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, akayaacha yapoe sawasawa kama nilivyomfundisha, akadondosha tone lake. Kisha akadondosha la pili, nadhani akitumaini kwamba la kwanza lilikosea.

Yakageuka bluu mbele ya watu wote.

Hata mimi sikuelewa. Nilifikiri testi tyubu ni chafu. Karani akachukua nyingine, akarudia, na bluu ikaja tena. D.O. akaitwaa mkononi, akaiinua juu ili watu waone.

"Sasa hii ndiyo mfano?" akauliza. "Hii ndiyo mama bora?"

Watu walicheka kwa sababu mkubwa amecheka. Mama mkwe aliitazama ile bluu kwa muda mrefu. Akautazama mkebe. Halafu akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa mtulivu kama siku zote.

"Muulizeni yeye," akasema. "Ni yeye alibeba."

Nilisema sijagusa. Nilisema nani mwenye akili timamu atatia unga kwenye maziwa ya kwao, akijua dawa ya kumkamata ameichanganya kwa mkono wake? Nilidhani hoja hiyo haina jibu. Mzee mmoja nyuma akanijibu kwamba mganga ndiye mchawi, na watu wakaitikia kwa sauti moja. Mwingine akaongeza kwamba hawa watu wa duka wanakunywa maziwa njiani, wanajaza maji, wanafunika na unga wa baba yao. Vijana wa chama wakanishika mikono kana kwamba ningekimbia, na mmoja alinibana mpaka kucha zikaingia.

Maziwa yetu yakamwagwa. Kwao maziwa hayamwagwi chini. Hata yakiharibika yana namna yake ya kuondolewa. Wanawake wazee waligeuza nyuso. D.O. alisema nyumba ile isipeleke maziwa tena mpaka aliyefanya ajulikane na kukiri mbele ya baraza la chifu, akapanda gari lake bila kunywa chai ya mtu.

Siku ile nyumbani hakuna aliyenisemesha. Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. Mkebe ulikuwa safi, maji hayakuwamo, ng'ombe hatoi unga. Jioni niliingia jikoni kuchukua mwiko, nikakiona kitambaa cha kuchujia maziwa kwenye msumari wake. Kilikuwa kimefuliwa na kukauka, lakini pembe zake zilisimama. Nilizigusa. Zilikuwa ngumu kama kola ya padri.

Nilikuwa na kichupa cha iodini kwenye mfuko wa koti. Nikadondosha tone kwenye pembe moja, na pakawa bluu iliyokaribia weusi. Nilikaa chini, nikacheka peke yangu. Alikitosa kitambaa chake cha maziwa kwenye beseni langu la wanga ili kiwe cheupe na kigumu mbele ya D.O., na maziwa yenye joto la kiwele yakauosha ule wanga yakipita. Wala hakuwa na nia mbaya. Lilikuwa kosa la mwanamke anayependa usafi kuliko wenzake, na dawa yangu ilikuwa kali kiasi cha kuuona wanga mdogo namna ile. Nilijisikia vizuri sana. Niliamini kwamba jambo likionekana kwa macho limekwisha.

Sikutaka kumwaibisha. Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti na kitambaa mkononi, na mara nyingi nimejitukana kwa kutokwenda. Lakini nilifunzwa kwamba mkwe haumbuliwi nje, kwa hiyo asubuhi nilimfuata jikoni akiwa peke yake na mtoto, nikafunga mlango, nikamwonyesha. Nilidondosha tone lingine mbele yake. Nilimweleza polepole, kwa heshima, nikaliita kosa la bahati mbaya.

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunisikia.

"Najua. Mimi mwenyewe nilitia hiyo kitambaa kwa beseni yako. Pale kwa karani nilipoona hiyo bluu, nikakumbuka."

"Kabla hawajamwaga?"

"Kabla hawajamwaga."

Alikuwa akimega ugali wa jana na kumlisha mtoto. Hakuacha. Aliniambia kwamba watu wa Kapseret hawatasema ni kitambaa. Watasema ni yeye, na aliyetajwa pamoja na maziwa yaliyomwagwa mbele ya mkubwa hana tena mahali pa kuketi, wala binti zake hawaolewi vizuri. Lakini mimi si mtu wa pale. Mimi nikikiri, watasema ni mtoto wa duka, hajui maziwa, na baada ya mvua moja watakuwa wamesahau.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, rudi kwa baba yako. Mtoto ni wa hapa, ng'ombe wa mahari walienda Yamumbi na mlikula. Ukikubali mbele ya baraza, utakaa na yeye."

Kisha akanyoosha mkono, akakichukua kitambaa pale nilipokiweka, akakisukuma chini ya sufuria, ndani ya moto. Kilinuka chapati iliyoungua. Mtoto akacheka kuona moto umeruka, na bibi yake akacheka naye.

Mume wangu alirudi kutoka safari siku iliyofuata. Nilimweleza yote tukiwa kando ya lori, nikimshika shati. Alinisikiliza akitazama magurudumu.

"Mama hawezi kusema uongo," akasema. Baadaye, aliponiona silii tena, akasema, "Kubali tu, maneno iishe. Mimi niko na kazi."

Nilimchukia pale pale, na sijapata sababu ya kubadilisha.

Baraza lilifanyika kwenye uwanja wa chifu. Nilisimama katikati na kitenge kichwani, nikasema maneno niliyofundishwa. Nilisema ni mimi. Nilisema nilikunywa maziwa njiani, nikaongeza maji ya mto, nikatia unga wa duka la baba ili kipimo kisijue. Nilisema nimemkosea mama yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba, na uongo wenyewe ulikuwa wa kijinga, maana katika njia ile hakuna mto. Hakuna aliyeuliza. Chifu alinisifu kwa kusema ukweli, akasema serikali inapenda mwananchi anayekiri. Baba yangu alikuwa amekuja, amesimama ukingoni na kofia mkononi. Sikuweza kumtazama. Mama mkwe alilia mbele ya watu, machozi ya kweli kabisa, na wanawake wakamshika mabega wakimpa pole kwa mkwe aliyempata.

Nilitembea kurudi nyumbani nyuma yake. Nilikuwa nimechafuka, lakini nilikuwa nikiwaza kumwogesha mtoto wangu, na hilo lilinitosha.

Mlangoni pa boma nilikuta sanduku langu nje. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa vizuri, koti la maabara likiwa juu, bado lina wanga. Lori la mume wangu lilikuwa pembeni, injini inanguruma. Mama mkwe aligeuka, mtoto akiwa mgongoni kwake amelala.

"Tulikubaliana," nikasema. "Mama, tulikubaliana."

"Watu wamesikia kwa mdomo yako," akanijibu, taratibu, mara moja. "Sasa mimi nitawaambia aje mwizi wa maziwa ndiye analea mtoto ya hii nyumba?"

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawakuwahi kufika Kapseret. Nilipiga mayowe, nikang'ang'ania mguu wa mtoto, na kiatu chake kimoja kikabaki mkononi mwangu. Mume wangu alinibeba kama gunia akanitia ndani ya lori. Tulipokaribia dukani kwa baba aliniuliza kama nina pesa za kununua sabuni.

Baba alikwenda kwa wazee, akaenda kwa chifu, akaenda mpaka kwa padri. Kila mahali walimjibu kwamba binti yake alikiri mwenyewe hadharani. Mama mkwe akaruhusiwa kupeleka maziwa tena, na baada ya mwaka picha yake pamoja na D.O. ikatundikwa kituoni. Anatabasamu ndani yake. Mimi niliendelea kuchanganya iodini shuleni, mwaka baada ya mwaka. Wasichana walidondosha kwenye viazi na mkate, wakapiga makofi bluu ilipotokea, nami nikawaambia waandike walichoona.

Nimestaafu sasa, naishi Yamumbi, na bado nasoma. Wataalamu siku hizi huunda molekuli zinazoshikana zenyewe zikawa vikapu vidogo, bila kufungwa na kitu, na kikapu kikimpokea mgeni wake kinabadilika rangi au kinawaka. Kwa njia hiyo wanatafuta sumu kwenye maji, wanatafuta ugonjwa kwenye damu. Nasoma nikifurahi, kisha nakasirika. Vitaonyesha kilichomo ndani ya maji, sawa. Nani alikitia, hakuna rangi ya kusema hilo, na ndilo pekee watu wanalotaka kujua.

Binti yangu alilelewa na bibi yake mpaka bibi alipokufa. Alilelewa vizuri, lazima niseme. Alisoma, akaolewa, sasa ana nyumba kubwa Elgon View na gari lake mwenyewe. Aliponitafuta alikuwa mtu mzima. Nilimweleza habari ya kitambaa, beseni na moto, nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza bila kunikatiza, mikono mapajani, mtulivu kabisa.

"Sawa, Mama," akasema.

Huja kunitazama kila mwisho wa mwezi. Huniletea sukari, mchele, dawa za presha, na ananiita Mama kwa upole kuliko binti za majirani zangu. Mimi huamka mapema siku hiyo. Nina ng'ombe mmoja, namkamua mwenyewe, nayachuja maziwa kwa chujio la chuma linaloonekana matundu yake yote, na kuyachemsha mbele yake, mlango ukiwa wazi, sufuria ikiwa pale anapoweza kuiona. Kisha natoa vikombe na kumuuliza nimtilie maziwa kiasi gani kwenye chai, kana kwamba sijui atakachosema.

"Mimi turungi tu, Mama," ananiambia. "Usisumbuke na maziwa."